Jeki Hunyanyua, Gogo Hushika

Ukitaka historia ya barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma, wapo wataalamu watakaokusimulia habari za mawaziri, mikopo na lami. Mimi naijua kutokea chini, uvunguni mwa lori, ambako kijana hulala chali juu ya gunia na tani kadhaa zikiwa zimesimama juu ya kifua chake. Nilianza utingo, nikapanda hadi usukani, na sasa nimetulia Makambako, mji ambao kila usiku unalala na malori. Kwa hiyo barabara ile nitaisimulia kwa vifaa viwili: jeki na gogo.

Hoja yangu ni fupi. Kunyanyua gari hakukuwahi kuwa shida. Watu walijua kuinua vitu vizito kuliko gari kabla gari lenyewe halijazaliwa. Kilichoua watu, na hadi leo kinaua, ni mzigo ulioinuliwa bila kitu cha kuushika. Kila kizazi kilipata jeki nyepesi na ya haraka kuliko ya kizazi kilichotangulia, na kila kizazi kikazidi kuliona gogo ni mzigo wa bure.

Nianze na jeki, maana hiyo ndiyo iliyopewa sifa zote. Huko Ulaya na Marekani mikokoteni ya farasi ilikuwa na jeki zake, za mbao na chuma, zamani sana kabla ya injini. Gurudumu la mbao huzunguka juu ya ekseli, na ekseli hutaka grisi kila baada ya safari chache. Huwezi kuipaka bila kuinua mkokoteni na kuvuta gurudumu nje. Mwaka 1795, jijini London, Joseph Bramah alipata hataza ya mashine ya kukandamiza kwa nguvu ya maji. Alitumia kanuni aliyoieleza Mfaransa Blaise Pascal zaidi ya miaka mia moja kabla yake, kwamba ukiyasukuma maji yaliyofungiwa, msukumo huenea sawa kila upande. Mwaka 1851 huko New York, Richard Dudgeon akapata hataza ya jeki ya namna hiyo inayobebeka. John Dunlop alitengeneza tairi lake la upepo mwaka 1888. Maana yake jeki tunayoijua ilitangulia tairi la Dunlop kwa miaka 37.

Jinsi inavyofanya kazi inafaa kuelezwa, kwa sababu hatari yake imo humohumo. Chukua jeki ya chupa, ile inayosimama wima. Ndani mna pistoni mbili, ndogo ya kusukuma mafuta na kubwa ya kuinua. Tuseme ndogo ina kipenyo cha sentimita 1 na kubwa sentimita 4. Eneo la kubwa ni mara 16 ya ndogo. Mkono wa jeki nao unazidisha nguvu, tuseme mara 20. Mara 20 kwa 16 ni 320. Kijana akikandamiza kwa uzito wa kilo 20 tu, upande wa pili zinainuka kilo 6,400, ukitoa kidogo kinacholiwa na msuguano. Malipo yake ni mwendo: mkono unashuka nusu mita nzima, lori linapanda milimita moja na nusu. Hakuna uchawi. Lakini ukiacha kupampu, kinacholizuia lori hilo lisirudi chini ni kivali kidogo na mpira wa sili. Chembe ya mchanga ikikaa kwenye vali, au sili ikichakaa, jeki inaanza kushuka, wakati mwingine polepole kiasi kwamba aliye uvunguni haoni.

Jeki ya skrubu ni ndugu yake mkubwa. Nyuzi zikiwa na hatua ya milimita 5 na mkono wake ukiwa na urefu wa sentimita 20, kwenye karatasi nguvu inazidishwa karibu mara 250, ila msuguano unakula zaidi ya nusu ya jasho lako. Wazee walionifundisha waliipenda pamoja na uchovu wake wote, na walikuwa na sababu. Msuguano uleule unaokula jasho ndio unaoizuia skrubu isijizungushe kurudi. Ukiachia mkono, inabaki pale ulipoiacha. Haivuji kwa sababu haina cha kuvuja. Hata hivyo zote mbili zina ugonjwa mmoja: ni mguu mmoja mwembamba wenye kitako kidogo. Gari likisogea mbele upana wa kiganja tu, jeki inalala, iwe ya skrubu au ya mafuta, iwe mpya au kuukuu.

Tairi la upepo lilipoingia kwenye magari, jeki ikapata kazi ya kila siku. Mwaka 1895 ndugu wawili wa Michelin waliingiza gari lenye matairi ya upepo katika mashindano ya Paris–Bordeaux–Paris, wakapata pancha baada ya pancha. Zama zile gurudumu lilikuwa sehemu ya gari. Dereva aliinua gari, akalichokonoa tairi litoke kwenye ringi papo hapo, akaziba tyubu, akarudisha, akapampu kwa mkono. Gari lilikaa juu ya jeki muda mrefu sana. Mwaka 1904, katika mji wa Llanelli huko Wales, akina Davies walianza kuuza gurudumu la akiba, ringi yenye tairi lililojaa upepo unayoibana ubavuni mwa gurudumu lililotoboka kisha ukaondoka. Mwaka 1906, kwenye mashindano ya kwanza ya Grand Prix ya Ufaransa pale Le Mans, Ferenc Szisz alishinda na gari la Renault lenye ringi za Michelin za kufungua kwa nati. Yeye alibadilisha tairi kwa muda usiofika dakika 4, wakati waliokuwa na ringi za zamani walikuwa wakikata mpira kwa visu na kupoteza kama robo saa.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Kubadilisha tairi kulipokuwa kazi ya dakika chache, watengenezaji wa magari walianza kuihesabu jeki kuwa kifaa cha dakika chache: iwe ndogo, iwe nyepesi, iwe rahisi, na isiulizwe swali la nani anaushika mzigo mtu akichelewa. Kwenye lami tambarare ya Ufaransa hesabu hiyo ilikubali. Huku kwetu haikukubali hata siku moja.

Huku kwetu gari lilitangulia barabara. Agosti 1907 ofisa wa Kijerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam na gari lililotengenezwa Gaggenau, Ujerumani, akitaka kulivusha bara zima hadi Swakopmund, pwani ya Atlantiki. Alifika Mei 1909. Gari lake lilitengenezwa likiwa juu kuliko ya kawaida ili lipite kwenye visiki na mawe, lakini penye mchanga wa mto au tope lilitolewa kwa kamba na kwa mikono ya watu ambao wengi wao hatuwajui hata kwa jina. Mzungu akapata sifa ya kuvuka Afrika kwa injini. Mimi kila nikiikumbuka habari ile huwaza mabega yaliyokuwa chini ya gari.

Barabara yangu ilizaliwa kwa shida ya jirani. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alitangaza Rhodesia huru kwa faida ya walowezi. Zambia, iliyokuwa ikipitishia mafuta na shaba yake kusini, ikajikuta imefungiwa mlango. Mafuta yakaanza kupelekwa kwa ndege, na kwa malori yaliyobeba mapipa ya lita 200 kutoka Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya njia baada ya Morogoro ilikuwa vumbi na changarawe kiangazi, na tope masika. Waandishi wa Kiingereza waliibatiza njia ya jehanamu. Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia zikaanzisha kampuni ya pamoja ya uchukuzi, na malori ya Fiat kutoka Italia yakatapakaa njiani. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA likaanza kusukuma mafuta hadi Ndola, na mapipa yakapungua barabarani. Lami ikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976.

Mimi niliingia barabarani mwaka 1978, lami ikiwa ipo. Walionifundisha ndio waliokuwa wameipita jehanamu yenyewe, na walikuja na sheria zake. Utingo mgeni hakukabidhiwa spana wala jeki. Alikabidhiwa gogo. La kwangu lilikuwa la mninga, limechongwa kama kabari: upande mmoja mnene kiasi cha kimo cha goti, upande wa pili umepungua hadi unene wa vidole viwili. Nyuma lilikuwa na tundu lililopitishwa mnyororo mfupi wa kulivutia, kwa maana gogo lililobanwa na gurudumu la lori halitolewi kwa mkono. Lilining'inia nyuma ya kabini, na dereva aliweza kukusamehe kusahau sufuria ya ugali lakini si kusahau gogo.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa mlimani. Anayeujua mlima wa Kitonga, kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula, anajua jinsi barabara inavyojibana kwenye ubavu wa mlima na korongo likiwa upande wa pili. Lori lililoshiba lilipanda kwa gia ya kwanza, polepole kuliko mtu anayetembea. Utingo alishuka akatembea sambamba na gurudumu la nyuma, gogo begani, macho kwenye tairi. Breki za malori mengi ya wakati ule zilishikwa na upepo. Upepo ukiisha, na breki nazo zimekwisha, na hendibreki ilikuwa ya kumridhisha trafiki tu. Injini ikizimika au gia ikikataa kuingia, dereva alipiga kelele moja, "Gogo!", nawe ulilisukumia nyuma ya tairi kabla lori halijapata mwendo. Mwendo ukishapatikana hakuna gogo la kuuzuia. Sheria ilikuwa usimame ubavuni, usisimame nyuma, na usilitupe kwa mkono ulio karibu na gurudumu. Baadaye zilienea breki za springi, ambazo upepo ukiisha ndipo zinapokamata. Kazi ile ya Kitonga ikapungua, na utingo naye akaanza kuonekana mtu wa kupakia mizigo na kupika chai.

Kazi yake ya pili ilikuwa pancha. Nataka niieleze moja kwa utulivu, maana hapa ndipo sheria zote za wazee zilipokutana. Tulikuwa bonde la Ruaha, mibuyu kulia na kushoto, joto la saa nane mchana. Tairi la ndani la nyuma kushoto lilikuwa limekwisha upepo. Mzee wangu, Mnyakyusa wa Tukuyu, mtu mpole asiyejua kufokea mtu, alishuka akatazama ardhi kabla ya kutazama tairi. Alitaka mahali tambarare na pagumu hata kama ni kulisogeza lori hatua kadhaa juu ya tairi bovu. "Tairi limeshakufa," alisema, "usilionee huruma ukaua na mtu." Halafu matawi: nikakata majani na kuyapanga barabarani mbele na nyuma, mbali ya kutosha anayekuja mbio aweze kupunguza. Halafu gogo chini ya magurudumu ya mbele, upande wa mteremko, na jiwe upande wa pili.

Nati zililegezwa gurudumu likiwa bado chini, kwa sababu lori lililoinuliwa ukilivuta kwa spana yenye bomba refu unalitikisa juu ya jeki. Malori ya Kiingereza yalikuwa na mtego wake: nati za upande wa kushoto zilifunguka kinyume. Nimewaona vijana wakirukaruka juu ya bomba la spana, jasho likiwatoka, kumbe wanakaza. Nati zikishalegea, kipande cha ubao mpana kiliwekwa chini ya jeki, kwa kuwa ardhi inayoonekana ngumu kwa mguu wa mtu si ngumu kwa tani 5 zilizokaa juu ya kitako cha ukubwa wa sahani. Jeki ikaenda chini ya ekseli, karibu na springi. Si chini ya chesisi, maana ukiinua chesisi springi zinalegea kwanza, unapampu hadi unachoka na gurudumu bado limekaa chini.

Lori likapanda. Kila lilipopanda kidogo, Mzee alisukuma kipande cha gogo chini ya ekseli, pembeni ya jeki, kikiifuata jeki kwenda juu. Tairi lilipoachana na ardhi, aliifungua vali ya jeki taratibu, ekseli ikashuka kidogo ikakaa juu ya mbao, kisha akairudisha jeki iguse tu. Uzito ulikuwa kwenye mti, chuma kikawa mlinzi wa akiba. Ndipo aliponiruhusu kupeleka mikono.

"Bwana mdogo, gogo limetangulia?"

"Limetangulia, Mzee."

"Basi mkono ufuate."

Tairi lililotolewa halikuachwa pembeni. Lililazwa chini ya lori, ili kila kitu kikishindikana, chuma kikute mpira kabla ya kukuta mtu. Kujaza upepo kulikuwa na hofu yake, kwa sababu ringi zile zilikuwa na pete ya chuma ya kuzuia tairi, na pete isiyokaa vizuri huruka kama risasi. Tuligeuza upande wa pete utazame ardhi, na hakuna aliyeinama juu yake. Tulipomaliza, nikaambiwa nirudi barabarani nikaondoe matawi na mawe yote. Sheria hii ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Jiwe lililobaki barabarani usiku halimjui aliyeliweka, na siku hizi humpata kijana wa bodaboda.

Na jeki ikiwa mbovu? Hapo ndipo wazee walipokuwa walimu kweli. Magurudumu ya nyuma ya lori ni mapacha, na likifa moja lingine bado lina nguvu. Ukiweka jiwe bapa au ubao mnene mbele ya pacha mzima, ukalipandisha lori juu yake taratibu, pacha aliyekufa anabaki hewani bila jeki kuguswa. Kwa gurudumu la mbele, ambalo halina pacha, walitumia jembe. Unapanga magogo na mawe chini ya ekseli mpaka yaguse sawasawa, unazuia magurudumu mengine yote, halafu unachimba ardhi chini ya tairi bovu. Tairi linaning'inia juu ya shimo, ekseli imelala kwenye gogo. Unafungua, unavisha jipya, na ukimaliza unafukia kidogo, unapanga mawe ya njia, unalitoa lori kwa injini yake. Ni kazi ya nusu siku kwa ardhi ya mawe, lakini hakuna dakika hata moja ambayo lori limesimama juu ya kitu kinachoweza kuanguka.

Ujuzi huu ulitusaidia zaidi tulipofika miaka ya themanini. Vita ya Kagera ilikuwa imechukua malori mengi ya raia kwenda mbele, na yaliyorudi yalirudi yamechoka. Fedha za kigeni zikakauka, vipuri vikawa hadithi. Kiwanda cha matairi cha Arusha kilikuwepo, lakini tairi jipya lilipatikana kwa kibali na kwa kujuana. Tulifunga matairi yaliyopasuka kwa bolti, tukashona, tukavisha mpira upya juu ya mzoga wa zamani. Tyubu zikiisha, mtu alishindilia majani ndani ya tairi ili tu afike mji unaofuata. Pancha zilikuwa nyingi, na jeki zilikuwa kuukuu, sili zake zimekatwa kutoka kwenye ngozi au mpira wowote. Ungetarajia miaka ile iwe ya vifo vingi uvunguni. Kwa macho yangu haikuwa hivyo kwa waliofunzwa, kwa sababu hakuna aliyeiamini jeki. Jeki mbovu inayojulikana kuwa mbovu ina heshima yake: inakulazimisha utafute gogo.

Hatari ilikuja na neema. Biashara ilipofunguliwa, miaka ya tisini ikamwaga magari yaliyotumika kutoka Japani, na mtu ambaye baba yake hakuwahi kumiliki baiskeli akawa na gari lake la kwenda nalo kijijini Krismasi. Ndani ya buti, chini ya zulia, mlikuwa na jeki ndogo ya kukunja yenye umbo la almasi, inayozungushwa kwa chuma kilichopinda. Ni kifaa kizuri kwa kazi kilichotengenezewa: inakaa kwenye alama maalumu ukingoni mwa bodi, juu ya lami, kwa dakika chache. Hakuna aliyekuja na maelezo hayo kwa Kiswahili. Basi ikawekwa penye mchanga, penye mteremko, chini ya bati badala ya alama, na mwenye gari akaingia chini kutazama kinachogonga.

Yako mambo mawili ambayo utingo yeyote wa zamani angemwambia mwenye gari dogo kama angeulizwa. La kwanza ni kwamba kwenye magari mengi madogo hendibreki hushika magurudumu ya nyuma tu. Ukiinua nyuma, umeinua sehemu ya breki yako pamoja na gari. La pili ni kwamba gia nayo haikulindi kama unavyodhani. Difu imetengenezwa ili gurudumu moja liweze kuzunguka tofauti na mwenzake. Gurudumu moja linaloendeshwa na injini likiwa hewani, linazunguka bure, na mwenzake aliye chini anakuwa huru kubingirika, hata kama gia imeingia. Hapo ndipo unapoona gari lililofungwa hendibreki, limewekwa gia, lina jeki mpya, na bado linaondoka taratibu kushuka mteremko huku mwenyewe ameshika nati mkononi. Kilichokosekana ni kabari mbili, moja mbele na moja nyuma ya gurudumu la pembe iliyo mkabala na lile linalobadilishwa.

Watu huuliza kama tofali linafaa. Halifai. Tofali la saruji hubeba mzigo uliosambaa sawa, lakini ncha ya chuma ikilikandamiza sehemu moja hupasuka ghafla, bila kutoa taarifa. Mti hutoa taarifa. Wazee wangu walipenda mninga kwa kuwa haukuisha haraka, lakini nimejifunza kwamba waokoaji wanaoinua magari yaliyopata ajali hupendelea mbao laini za aina ya paini, zikipangwa kwa kukingamana, mbili huku na mbili huku. Mti mgumu hubeba kimya halafu unapasuka. Mti laini hubonyea kwanza, unalia, unakupa nafasi ya kutoka. Kwa sisi wa nyanda za juu hilo ni jambo la kucheka, maana paini ya Sao Hill inapita mbele ya nyumba zetu kwenye malori kila siku, na vipande vyake hutupwa au kuchomwa kwenye viwanda vya mbao vya Mafinga.

Ukipita leo kwa mafundi pancha wa Makambako au Uyole, utaona gogo halijafa, limejificha. Fundi ana kompresa, ana jeki ya tani 50, matairi mengi hayana tyubu tena, kazi iliyokuwa ya nusu siku anaimaliza kabla chai haijapoa. Lakini tazama chini ya ekseli: ringi kuukuu mbili zimepangwa moja juu ya nyingine, au stendi ya miguu mitatu aliyoichomelea mwenyewe kwa mabomba. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo katika darasa lolote. Amerithi kutoka kwa aliyemfundisha, naye kutoka kwa mwingine, mpaka ukifuata mnyororo huo unafika kwa watu wa mapipa ya mafuta ya mwaka 1966. Anayekufa uvunguni siku hizi mara nyingi si fundi, ni mwenye gari aliyeamua kujisaidia.

Trafiki akikusimamisha huuliza pembetatu na mtungi wa kuzimia moto, na ni sawa aulize. Mnunuzi wa gari naye huuliza redio, rangi na kilomita. Sijaona anayefungua buti kuuliza jeki inaanzia kunyanyua wapi na kuishia wapi, sembuse kuuliza kabari. Hata magari mapya kadhaa yanauzwa bila tairi la akiba wala jeki, yana pampu ndogo ya umeme na chupa ya dawa ya kuziba tundu. Kwa tundu la msumari mjini inatosha. Kwa tairi lililochanika ubavu kati ya Mikumi na Ruaha usiku, chupa ile haina msaada.

Vijana wanaojifunza udereva hapa mjini huniuliza nitawashauri wanunue jeki gani. Huwajibu kwamba yoyote inayozidi uzito wa gari lako na inayofika kimo chake, mradi uijaribu nyumbani kabla ya safari. Kisha nawaambia waende kwa seremala wakaombe vipande vinne vya mti, viwili vya kuzuia magurudumu na viwili vya kuweka chini ya ekseli. Kuna kijana alinibana: kama ningelazimishwa kubaki na kimoja tu, jeki au gogo, ningechagua kipi? Nilimwambia nachukua gogo, na jembe la kuazima kijiji cha jirani. Kwa hivyo viwili nimebadilisha tairi na nikainuka kutoka chini ya lori nikiwa mzima. Kwa jeki peke yake ningeweza kuliinua lori vizuri kabisa, ila nisingeingia chini yake.